Miaka Yangu na Mwitaliano wa Tenisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa rola. Rola ni pipa la chuma lililojazwa zege, lina mpini mrefu, nalo huvutwa na watu wawili ili kushindilia udongo wa uwanja. Mwenzangu wa kuvuta hakutokea asubuhi ile, basi nikalivuta peke yangu. Bwana Katibu wa klabu, Mwingereza mwembamba mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, alikaa barazani akinitazama huku akinywa chai. Nilipomaliza mzunguko wa tano alishuka, akaukanyaga udongo kwa kisigino, akaniambia kwa Kiswahili cha kitabuni, "Utarudi kesho." Ndivyo nilivyoajiriwa. Jina langu ni Pastori, mtoto wa Nshamba. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza shule ya misheni, na sikutaka kushika jembe la baba kabla mwenyewe hajalitua.

Klabu ile ilikuwa Bukoba mjini, upande wa ziwani. Wanachama wake walikuwa Wazungu wa serikali na wanunuzi wachache wa kahawa. Sisi tuliingia kwa mlango wa nyuma, na tuliingia kufanya kazi. Kanuni zilibandikwa ukutani, na mojawapo ilisema kwamba Mwafrika hataingia na raketi ndani ya mistari. Kuingia na ufagio au ndoo kuliruhusiwa. Sikuona ajabu wakati ule. Mambo mengi yalikuwa hivyo.

Ninyi vijana mmezoea viwanja vya saruji, ambavyo mtu huvifagia akaenda zake. Uwanja wa udongo ni kama ng'ombe wa maziwa, hauna Jumapili. Jioni unaumwagilia, alfajiri unaushindilia, kisha unachora mistari kwa chokaa ukifuata kamba iliyokazwa kati ya vigingi viwili. Wavu nao una kimo chake. Hatukuwa na futi ya kupimia, basi tulisimamisha raketi moja katikati ya uwanja, tukalaza kichwa cha nyingine juu yake, na hapo ndipo ukingo wa wavu ulipotakiwa kufika. Yote hayo niliyajua vizuri, lakini uwanja ulinishinda. Kiangazi kilipokuja ulipasuka nyufa za kuingia kidole, mipira ikawa inaruka ovyo kama panzi, na Bwana Katibu akaanza kuniuliza kama huko kwetu kulikuwa na kazi ya shamba.

Hapo ndipo alipotokea Vezio.

Alikuwa msimamizi wa mafundi wa barabara, Mwitaliano wa makamo, mfupi, mweusi wa nywele. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, utadhani aliuazima kwa mtu mwingine. Waingereza walimteka Abisinia wakati wa vita, wakamleta Tanganyika pamoja na mateka wenzake. Vita vilipokwisha wengi walirudi kwao, yeye akaomba kubaki. Kwa hiyo kila mwaka alihitaji kibali cha kukaa, karatasi iliyopitia kwa Bwana Shauri wa wilaya na kutiwa saini na Bwana PC, mkubwa wa jimbo zima, aliyekaa Mwanza.

Siku hiyo alisimama nje ya ua wa klabu akinitazama ninavyoziba nyufa. Kisha akapenyeza mkono katika michongoma, akachota udongo, akausugua kati ya vidole.

"Mchanga mwingi," aliniambia. "Tafuta kichuguu."

Kiswahili chake alikiokota kambini kwa askari waliomlinda, kwa hiyo kilikuwa na amri nyingi na salamu chache. Lakini Jumapili ile tulikwenda pamoja hadi Nyanga, tukamwomba mwenye kibanja mmoja, yaani shamba la migomba, kichuguu chake kilichohamwa na mchwa. Mzee yule alitukaribisha lubisi, pombe ya ndizi, akacheka sana kuona Mzungu anapigania nyumba ya mchwa. Tulikiponda, tukakichekecha, tukakichanganya na maji mpaka kikawa kama uji mzito, tukakitandaza juu ya changarawe. Baada ya wiki mbili uwanja ulikuwa mwekundu na laini, ukiugonga unaitika. Mpira ulioangukia pale uliruka sawasawa kila mara.

Wanachama hawakujua habari zake mpaka alasiri moja mpira uliporuka ua ukamwangukia miguuni. Aliniomba raketi kwa ishara. Nilimpa ya zamani iliyolegea kamba. Aliupiga mpira kutoka barabarani, ukapita juu ya michongoma, ukaanguka kwenye kona ya uwanja, juu ya chokaa yenyewe. Bwana Katibu alitoka nje mwenyewe kumuuliza yeye ni nani. Mwitaliano akajibu kwamba alikuwa mchezaji wa kulipwa.

Lazima niwaeleze neno hilo, maana siku hizi ni sifa. Enzi zile tenisi ilikuwa na watu wa aina mbili. Wachezaji wa ridhaa walicheza kwa heshima tu, na mashindano makubwa yalikuwa yao. Wachezaji wa kulipwa waliishi kwa mchezo, wakafundisha matajiri na kushindana wao kwa wao, lakini mezani pa waungwana hawakukaribishwa. Kwa hiyo klabu ilimwajiri Vezio awafundishe wanachama jioni, kwa sharti moja, naye aingie kwa mlango wa nyuma. Ndivyo tulivyokuwa majirani katika banda la vifaa, mimi na chokaa yangu, yeye na raketi zake.

Banda lile ndilo lililokuwa chuo changu. Alinifundisha kufunga kamba za raketi, kazi ambayo kutoka Bukoba hadi Mwanza hakuna aliyeijua. Kamba bora ni za utumbo wa kondoo. Mzee Salum, mchinjaji wa Kashai niliyepanga chumba kwake, alikuwa akitupa matumbo akiwa bado anawachuna kondoo. Tuliyaosha, tukayakwangua kwa upande butu wa kisu, tukayalowesha katika maji ya majivu, tukayasokota mabichi nyuzi kadhaa pamoja, kisha tukayakaza kati ya nguzo mbili mpaka yakauke. Mbwa wa Kashai nzima walijua ratiba yetu. Mke wa Mzee Salum, Bi Zuhura, aliyezaliwa Tanga na kujivunia hilo, alitangaza kwamba hajaona utumwa wa namna ile, mtu amesoma kwa mapadri halafu anakwangua matumbo. Lakini ndiye aliyetuonyesha namna ya kusokota uzi bila kuuachia, kwa kuwa alikuwa fundi wa ukili.

Kamba ikishakazwa, Vezio aliigonga kwa ukucha na kusikiliza. Ikilia sauti ya chini aliifungua yote, hata kama ilikuwa imechukua siku nzima. Sikumsikia hata mara moja akisema "basi, itatosha".

Na alinifundisha kucheza. Alfajiri, kabla wanachama hawajaamka, alihitaji mtu wa kumrudishia mipira ili mkono wake usigande. Kanuni ilikuwa ukutani na mimi nilikuwa najua kusoma. Nikaingia. Yeye hakuanza na mkono, alianza na miguu. Mwezi mzima nilikimbia huku na huko bila raketi, naye akiita, "Miguu, Pastori! Mpira hauji kwako, wewe nenda." Baadaye ulikuja mpigo wa kiganja, kisha wa mgongo wa mkono, kisha namna ya kuanzisha mpira kutoka juu ya kichwa. Baada ya miaka miwili niliweza kumsumbua. Baada ya mitatu, kuna asubuhi tulizorudi bandani wote tumechoka, na hakuna aliyejua nani kamshinda nani.

Habari za maisha yake alinisimulia vipande vipande, tukiwa tunakwangua matumbo. Mama yake alikuwa dobi katika hoteli ya pwani huko kwao. Yeye alianza kwa kufagia viwanja vya hoteli, kama mimi, akaishia mwalimu wao. Alisafiri na treni za daraja la tatu kwenda kushindana Ufaransa, raketi nne begani na mkate mfukoni. Aliwahi kuwa wa pili katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa, na aliutaja u-pili huo bila kujisifu wala kulalamika. Kisha siku moja mkubwa mmoja wa serikali ya kwao alifika hotelini, akataka kucheza naye mbele ya watu. Mwenye hoteli alimwagiza Vezio ashindwe. Akashindwa. Watu wakapiga makofi. Baada ya hapo kila mkubwa aliyepita alitaka ushindi wake, na hoteli ikajaa.

"Miezi sita nikipiga nje mipira ya kuingia," alisema. "Halafu siku moja nikataka kupiga ndani, nikakuta mkono umesahau."

Aliacha tenisi, akajiandikisha kwa kampuni ya barabara iliyokuwa inakwenda Abisinia. Hiyo ndiyo njia iliyomfikisha kwetu.

Mwaka wangu wa nne kazini, Bwana PC alikuja kwa meli kukagua wilaya. Alipenda sana tenisi. Ilipangwa kwamba yeye na msaidizi wake wacheze wawili kwa wawili dhidi ya Vezio na Bwana Daktari wa hospitali. Siku moja kabla, Bwana Katibu alikuja bandani. Alisema kwamba kibali cha Vezio kimo katika mkoba wa Bwana PC, hakijatiwa saini, na kwamba mgeni angefurahi kuondoka Bukoba na kumbukumbu nzuri. Kisha akatoka. Vezio aliendelea kukaza kamba kama hajasikia.

Asubuhi ya mchezo nilikuta uwanja umejaa senene, wale panzi wa kuliwa. Walikuwa wameanguka alfajiri, kijani kibichi juu ya udongo mwekundu, na akina mama wa Kashai wamepita penye ua uliolegea wanawaokota kwa vikapu. Kuwafukuza nisingeweza, mmoja wao alikuwa Bi Zuhura. Niliwasihi tu waokote bila kuburuta miguu. Walipoondoka nikashindilia upya na kuchora mistari mara ya pili, chokaa ikakauka wageni wakiwa tayari barazani.

Kabla mchezo haujaanza, mtumishi wa hospitali alikuja mbio. Mama mjamzito alikuwa hatarini, na Bwana Daktari akaondoka na nguo zake nyeupe za mchezo. Waliobaki walikuwa wazee na wagonjwa wa magoti. Bwana PC, mtu mrefu mwenye masharubu ya mvi, alitazama saa yake. Ndipo Vezio aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Pastori hucheza naye kila asubuhi.

Watu wote barazani walinigeukia. Nilikuwa nimeshika ndoo ya chokaa. Bwana Katibu, uso umemwiva, alianza kueleza habari za kanuni, lakini Bwana PC alimkatiza.

"Meli inaondoka saa kumi," alisema. "Mpeni raketi."

Nilivua viatu, kwa kuwa viatu vyangu vilikuwa vya kanisani, nikaingia peku. Nilipompita Bwana Katibu aliniambia chini chini kwamba ninajua la kufanya. Naam, nilijua. Nilimtazama Vezio, nikawaza juu ya ile karatasi mkobani, nikawaza banda bila yeye. Hakuna mtu aliyeniomba, niliamua mwenyewe. Kila mpira wa maana ulipokuja kwangu niliupiga wavuni au nikauzidisha kidogo nje ya mstari. Nilifanya kwa ustadi, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuupeleka mpira nipendapo. Tulipoteza seti ya kwanza, sita kwa nne. Barazani walipiga makofi.

Tulipobadilishana upande, Vezio alijifanya anafunga kamba ya kiatu karibu nami.

"Unafanya kwa ajili yangu?" aliuliza.

Nilifuta vumbi kwenye mpini wa raketi.

"Usinifanyie, Pastori. Hilo nimelifanya mwenyewe, najua linamalizikia wapi. Karatasi ni ya kwao. Mpira ni wetu."

Alisimama akaenda mahali pake. Nilijisikia aibu ambayo sijapata kuisikia tena maishani, na papo hapo nikajisikia mwepesi. Seti ya pili tuliwafunga sita kwa tatu. Seti ya tatu ilikuwa vita. Bwana PC hakuwa mchezaji wa mzaha. Alikimbia kama kijana, jasho likimtiririka masharubuni, na alipopiga mpira mzuri Vezio alimpongeza kwa kugonga raketi kwa kiganja. Tulifika tano kwa nne, tukibakiza mpira mmoja kushinda. Bwana PC alianzisha kwa nguvu kuelekea kwangu. Miguu ilikwenda kabla sijaiambia. Niliupiga kwa mgongo wa mkono, ukapita kati yao wawili, ukaanguka kwenye mstari wa nyuma.

Msaidizi wa Bwana PC aliinua kidole kusema umetoka.

"Ulikuwa ndani," Bwana PC alisema. "Nimeona chokaa ikiruka."

Alimpa Vezio mkono juu ya wavu. Mimi hakunipa mkono, ila alinitazama usoni akaniambia kwa Kiswahili, "Umecheza vizuri sana." Kisha akaenda kuoga, na saa kumi meli ikaondoka.

Kesho yake Bwana Katibu aliniita ofisini kuniachisha kazi. Alisema si kwa kushinda, ni kwa kuvunja kanuni, na wanachama kadhaa walikuwa wameandika barua. Wakati akisema hayo alitazama kalamu yake tu. Aliniandikia cheti cha tabia njema kirefu kuliko nilivyotarajia, akaongeza kwa mkono kwamba mimi ndiye mtunza uwanja bora aliyepata kumwona. Nina hakika aliandika kwa moyo, na nina hakika aliona aibu. Vezio alipopata habari alikusanya raketi zake siku ile ile. Nilimsihi asipoteze kazi kwa ajili yangu. Alijibu kwamba yeye ndiye aliyenitaja, hivyo ni haki tutoke pamoja, na kwa mara ya kwanza tulitoka kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyetuzuia.

Kibali kilifika wiki tatu baadaye, kimetiwa saini, bila neno lolote.

Nilimpeleka kwetu Nshamba. Baba alimpokea kwa heshima, akamkalisha, akampa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote, kisha akaniuliza kwa Kihaya kama huyu mtu hana ndugu. Nikamwambia yupo dada mmoja, mbali. Baba akasema basi ale kwanza. Wali hatukuwa nao, tulimpa ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, akala akaomba tena, na toka siku hiyo mama alimwita "waitu" kama anavyoitwa mtu mzima wa heshima.

Padri Mkuu wa misheni ya jirani alikuwa anatafuta msimamizi wa kujenga madarasa. Vezio alipata kazi hiyo, mimi nikawa msaidizi wake. Madarasa yalipoisha tuliomba kipande cha rweya, yale majani matupu yasiyofaa migomba, tukatengeneza uwanja kwa ajili ya walimu na wanafunzi. Vichuguu tulikuwa navyo vya kutosha. Tatizo lilikuja msimu wa kahawa. Wakulima waliona sakafu pana, tambarare, yenye jua siku nzima, na asubuhi moja tukakuta mikeka ya kahawa imeenea kutoka mstari hadi mstari. Nilikasirika. Vezio alitembea kati ya mikeka, akageuza kahawa kwa mguu kama alivyoona wengine wakifanya, akasema mama yake angeanika mashuka hapa. Tukakubaliana na wazee: miezi ya kuanika, uwanja ni wa kahawa, miezi mingine ni wa mpira, na kila aliyeanika atavuta rola siku moja. Sijawahi kuwa na wavutaji wengi namna ile.

Pale alifundisha miaka minane. Walimu wa kike walijifunza upesi kuliko wanaume, alisema ni kwa sababu walisikiliza. Bega lake lilipoanza kukataa kunyanyuka, alifundisha akiwa amekaa kwenye kiti, akiniita mimi nionyeshe. Mwishowe mapafu nayo yakachoka, na dada yake akaandika kumwomba arudi. Nilimsindikiza Bukoba. Bandarini aliniachia raketi zote isipokuwa moja, akanikagua kamba za ile niliyoshika, akaigonga kwa ukucha, akatikisa kichwa kukubali. Kwa kweli ilikuwa imelegea kidogo, na nadhani alijua.

Mimi niliendelea. Nilitunza uwanja wa Nshamba, nikafunga kamba za raketi za shule na misheni kutoka Muleba hadi Bukoba. Siku za mwisho za utawala wa Mwingereza, Katibu mpya wa klabu, kijana mchangamfu, alinijia kuniomba nirudi kuwa fundi wao, akanihakikishia kwamba ile kanuni ilikwisha kubanduliwa. Nilikwenda siku mbili kwa wiki. Niliacha kazi magoti yaliponikataza kuchuchumaa kwenye mistari, maana mstari uliochorwa na mtu aliyesimama haunyooki.

Watu huniuliza kama sioni uchungu, mchezaji kama mimi kucheza mchezo mmoja tu wa kukumbukwa. Uchungu upo, sitawadanganya. Kama ningezaliwa baadaye labda ningepanda meli na raketi nne begani. Lakini kazi haikuwa mchezo ule mmoja. Kazi ilikuwa udongo, utumbo wa kondoo, miguu ya mwanafunzi inayoanza kwenda yenyewe. Nimefanya kazi hiyo na mtu aliyeipenda, na wengi hawapati hilo.

Mwaka mmoja baada ya Vezio kuondoka ilikuja barua ya dada yake. Padri aliyejua Kiitaliano alinisomea tukiwa tumesimama mlangoni pa kanisa. Vezio alikuwa amefariki kitandani, bila maumivu makubwa. Dada yake aliandika kwamba hakuwahi kuzungumza sana habari za Ufaransa, wala vita. Walipomuuliza alifanya nini miaka yote ile Afrika, alijibu kwamba alikuwa na kazi nzuri, yeye na mwenzake.

Nilimwomba padri asome tena mstari huo. Akausoma. Kisha akakunja barua akanipa, akaingia ndani, akaniacha pale nje nilie kwa nafasi yangu.